Ghururi ya Nambari Saba

Imezagaa katika mitaa yetu iliyopakana na barabara ya Jogoo, kuanzia Makongeni na Mbotela hata Maringo na Jericho, itikadi moja ambayo mtu hawezi kuipinga barazani asitazamwe kama aliyepungukiwa na adabu au na akili, nayo ni kwamba kompyuta ya mezani yenye kibandiko cha i7 ni bora kuliko yenye i5, na yenye i5 ni bora kuliko yenye i3, jana, leo na mtondogoo, pasipo haja ya kuuliza ilitengenezwa mwaka gani wala itatumikishwa kazi gani. Nimeisikia kwa vijana wa saiba, vibanda vya kukodisha kompyuta na intaneti, nimeisikia kwa wazazi wanaomnunulia mtoto mashine ya kwanza aingiapo chuoni, na la kuhuzunisha zaidi, nimeisikia kwa mafundi, watu ambao ilimu yao ilipaswa kuwakinga. Rai yangu ni kwamba itikadi hiyo ni batili, kwamba inawala watu wetu fedha kila uchao, na kwamba ushahidi wa ubatili wake umo ndani ya maboksi yayo hayo yanayopangwa kwenye rafu za maduka ya Luthuli Avenue.

Kilichonitia kalamu mkononi ni jambo dogo. Kijana mwenye saiba, jirani yangu hapa Mbotela, alinialika niwe shahidi wa ununuzi wake, kwa kuwa mashine yake ya zamani ilikuwa imekata roho katika juma la mwisho la Juni, wakati ambapo watu wamejaa mlangoni kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax kabla ya tarehe 30. Juu ya kaunta ya duka moja mjini yalikuwapo maboksi mawili ya kampuni moja, yote yametumika Uingereza kwanza, haya ambayo wachuuzi huyaita eks-UK, na yote yana RAM ya gigabaiti 8. La kwanza lilikuwa na prosesa ya Core i7-2600, la pili Core i3-8100. Na lile la pili, kwa mshangao wa kijana, lilikuwa ghali kuliko la kwanza kwa elfu chache.

"Mzee, huyu anatuona wageni wa mji," akaninong'oneza. "Anauza tatu bei ghali kuliko saba! Kwani saba si ni saba?"

Nikamwuliza muuzaji sababu ya bei zile. Akanijibu, kwa unyofu uliostahili shukrani, "Hata mimi sijui, mzee. Ni tajiri ameandika hivyo."

Basi tuanze na jina, maana ghururi yote imejificha ndani ya jina. Sisi Wakenya huwa tumekwisha kukosea hata kabla ya kufika kwenye nambari, kwa sababu boksi zima, pamoja na diski yake, feni yake na vumbi lake la miaka, tunaliita "CPU", ilhali CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kidude cha mraba ambacho upande wake haufiki sentimita nne, kimejilaza chini ya feni, na wengi wanaokinunua hawatakiona maisha yao yote. Tukisha kulibatiza boksi kwa jina la kiungo kimoja, si ajabu tukaamini kwamba kibandiko cha nje kimesema yote yaliyomo ndani.

Mtu akilitaja jina la Mbotela, msikilizaji makini huuliza: Mbotela yupi? Yuko James Mbotela, mtunzi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Yuko Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, ambaye mtaa wetu umechukua jina lake. Na yuko Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa miaka mingi sauti yake redioni iliwauliza Wakenya kama huo walioufanya ni uungwana. Ukoo mmoja, jina moja, zama mbalimbali. Vivyo hivyo i7. Jina hilo kampuni ya Intel ililianzisha mwaka 2008, na tangu hapo limevikwa vizazi kwa vizazi: i7-860 ya mwaka 2009, i7-2600 ya Januari 2011, i7-8700 ya Oktoba 2017, na nyinginezo, kila moja ikiwa na umbo lake na nguvu zake, kiasi kwamba mtu akijisifu kuwa ana i7 bila kuongeza neno huwa hajasema kitu bado.

Kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari, na kwa prosesa hizi za mezani si kazi ngumu: 2600 ni ya kizazi cha pili, 8100 ni ya cha nane, na zikiwa tarakimu tano, kama 10100, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha kumi. Ile 3, 5 au 7 iliyotangulia ni daraja tu baina ya ndugu waliozaliwa pamoja. Mkubwa wa nyumba hii si mkubwa wa nyumba ile, na kumpanga i7 wa mwaka 2011 juu ya i3 wa mwaka 2017 kwa sababu ya cheo alichopewa nyumbani kwao ni sawa na kumtaka jirani amwamkie kifungua mimba wako kwa kuwa tu wewe ndiye uliyemzaa kwanza.

Na kuna tukio lililozidi kuivuruga mizani ya vyeo, ambalo watu wetu hawakulitia maanani. Kwa miaka mingi i3 za mezani zilikuwa na viini viwili tu, viini vikiwa ndivyo mikono ifanyayo kazi ndani ya prosesa. Hata i3-7100, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa mwaka 2017, ilikuwa na viwili. Machi ya mwaka uo huo kampuni ya AMD ikatoa prosesa za Ryzen, kubwa yao ikiwa na viini vinane, nao Intel, waliokuwa wamezoea kula peke yao, wakalazimika kuifungua ghala. Kufika Oktoba, i3-8100 ikatoka na viini vinne, idadi ile ile iliyokuwa fahari ya i7-2600 miaka sita kabla. Cheo kilibaki kile kile cha chini. Mwenye cheo alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nguzo ya pili ya itikadi hii ni gigahezi. Husemwa kwamba prosesa yenye gigahezi nyingi ndiyo yenye mbio, na kwamba hapo hapana tena la kubishana. Nami namwomba anayeamini hivyo aende Kamukunji asubuhi, pale mafundi wa bati wanapounda masanduku na masufuria, asimame kando, azibe jicho moja kwa moshi wa jua kali, na ahesabu mapigo ya nyundo. Atamwona fundi mmoja anapiga kwa haraka kama mvua juu ya paa, na mwenzake anapiga kwa kituo, lakini kila pigo la huyu wa pili linakunja ukingo wa bati ukakunjika, na kufika adhuhuri ni yeye aliye na masanduku mengi ya kuuza. Gigahezi ni hesabu ya mapigo, mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Haikuambii hata kidogo kila pigo limekunja bati kiasi gani. i7-2600 hupiga gigahezi 3.4 na huweza kujihimiza hadi 3.8, na i3-8100 hupiga 3.6 wala haijihimizi. Kwa hesabu ya nyundo, mzee wa 2011 ameshinda. Lakini kati ya kizazi cha pili na cha nane pigo moja limeongezewa kazi, kwa makadirio ya wapimaji wengi, yapata robo nzima, na robo hiyo inatosha kumpita.

Hili si jambo jipya, na wala Intel wenyewe hawawezi kulikana, kwa kuwa walilipa gharama yake mbele ya dunia nzima. Walipoitoa Pentium 4 mwishoni mwa mwaka 2000, waliiunda makusudi ili ipige mapigo mengi, kila moja likifanya kazi kidogo, kwa kujua kwamba mnunuzi huhesabu gigahezi jinsi mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama pembe. Mwaka uliofuata AMD wakaleta Athlon XP 1800+, ambayo mapigo yake ya kweli yalikuwa gigahezi 1.53, lakini wakaiandika 1800 ili mnunuzi asidhani kwamba imeshindwa na Pentium 4 ya gigahezi 1.8, na hakika haikushindwa. Intel wakazidi kuhimiza nyundo hadi wakafika 3.8, joto likawa limezidi uwezo wa feni, na mwaka 2004 wakaufuta mpango wao wa kufikisha gigahezi 4. Kisha Julai 2006 wakaleta Core 2 Duo, na ile iitwayo E6600, yenye gigahezi 2.4 tu, ikazipita Pentium za gigahezi 3.8 katika karibu kila kazi iliyowekwa mbele yake, tena kwa joto pungufu. Mwenye kiwanda alikuwa amekiri. Miaka ishirini imekaribia kutimia, nasi bado tunahesabu nyundo Luthuli.

Nitakuwa nimekosa insafu nisipoileta hujja nzito kuliko zote za wapinzani wangu. Wao husema kwamba i7-2600, ijapokuwa na viini vinne kama mwenzake, ina nyuzi nane, maana kila kiini kimefundishwa kushika kazi mbili kwa pamoja, ilhali i3-8100 ina nyuzi nne tu. Na nane, wasema, ni mara mbili ya nne. Kauli ya kwanza ni kweli, ya pili ni kosa la hesabu. Fundi viatu anayengoja gundi ya kiatu kimoja ikauke, akachukua kingine akakishona, amepata faida. Lakini hakuota mikono minne. Uzi wa pili hutumia nafasi ambayo kiini kilikuwa kikingoja, basi faida yake ni sehemu tu ya kazi, huwa kubwa mahali pengine, ndogo mahali pengine, na pengine haipo.

Tulilithibitisha pale pale kaunta. Boksi la i3 liliwaka upesi mno, na kijana, ambaye dakika chache kabla alikuwa akilidharau, akaanza kulishangilia. Nikamwambia, "Mwanangu, usishangilie bado, hiyo ni diski, siyo prosesa." Kwani boksi la i3 lilikuwa na diski ya SSD, na la i7 lilikuwa na diski ya zamani ya kuzunguka, ile unayoisikia ikikwaruza kama kuku katika takataka. Tukamsihi fundi afungue maboksi, aihamishe SSD ile ile kutoka hapa kwenda pale kwa zamu, ili mashahidi wote wawili waapishwe kwa msahafu mmoja. Baada ya hapo kuwaka kwao kukawa hakutofautiani kwa kiasi cha mtu kujali. Tulipozipa kazi ya kulibana folda kubwa la picha, mzee wa 2011 akatumia nyuzi zake nane vizuri, akatangulia kidogo, nami nakiri. Tulipozipa video ya harusi iliyokuwa katika flashi ya kijana, igeuzwe kuwa ndogo ya kutumwa kwa simu, i3 ikatangulia, kwa sababu kizazi chake kina amri za hesabu ambazo kizazi cha pili hakikuzaliwa nazo. Tulipofungua kurasa za eCitizen, za KUCCPS, wapangao wanafunzi vyuoni, na jedwali la Excel kwa pamoja, ambayo ndiyo kazi halisi ya saiba kutwa, i3 ikajibu kwa wepesi zaidi, kwani kazi hizo aghalabu hutegemea wepesi wa kiini kimoja kuliko wingi wa nyuzi.

Na YouTube, ambayo hakuna mteja asiyeifungua akingoja karatasi zake zitoke kwenye printa, ilisema kwa sauti. Video zake nyingi siku hizi hufungwa kwa njia iitwayo VP9. Ndani ya i3-8100 kuna kipande maalumu kinachoifungua njia hiyo bila ya kuisumbua prosesa yenyewe. Ndani ya i7-2600 hakipo, kwa kuwa ilipozaliwa njia hiyo haikuwepo, basi prosesa hulazimika kuifungua kwa nguvu zake yenyewe, na feni ikaanza kuvuma. Muuzaji alilisikia vumo lile akatabasamu. "Hiyo ndiyo nguvu ya i7," akasema. La haula! Hata kuhema sasa kumekuwa sifa.

Joto hilo si jambo la kudharauliwa katika vibanda vyetu vilivyoezekwa mabati, ambamo saa nane mchana mtu hutamani kuvua shati. Watengenezaji wameiwekea i7-2600 kikomo cha wati 95 na i3-8100 wati 65. Kikomo hicho si ankara ya umeme, kwani mashine isiyo na kazi hula kidogo. Lakini tukikichukua kama kipimo cha siku ya kazi nzito, tofauti ya wati 30 kwa saa 10, kwa siku 300 za mwaka, ni uniti 90 za tokeni. Fauka ya hayo, prosesa yoyote ikipata joto la kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na boksi la mwaka 2011 ambalo pesti ya kupitishia joto chini ya feni imekwisha kukauka, na ambalo halijapulizwa vumbi tangu lilipokuwa ofisini huko Uingereza, huwa i7 ya asubuhi tu.

Kuna na sharti ambalo halina mjadala wa mbio. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuipa Windows 10 matengenezo ya kawaida ya usalama, na orodha rasmi ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11, ukiacha chache mno, huanzia kizazi cha nane. i3-8100 imo. i7-2600 haimo. Najua mafundi wana hila za kuipenyeza, na hila hizo hufanya kazi. Lakini saiba ni mahali ambapo watu huacha nambari za vitambulisho vyao, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao na nywila zao za mamlaka ya kodi, KRA, na mimi singependa siri yangu ilindwe na hila.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawatukuza wapya kwa upya wao, maana iko hadaa ya pili, dada wa ile ya kwanza, isemayo kwamba kipya ndicho bora. Nimeona boksi jipya linalong'aa, limefungwa nailoni, lina harufu ya dukani, na ndani yake mna Celeron N4020 ya mwaka 2019, prosesa ya viini viwili iliyoundwa kwa ajili ya umeme kidogo. Nayo i5-4570 ya mwaka 2013, kuukuu, yenye mikwaruzo, ingeiacha mbali katika kubana folda, kugeuza video na kufungua kurasa na majedwali. Mwaka peke yake hautoshi kama cheo peke yake kisivyotosha. Jina kamili ndilo linalotakiwa, yaani cheo na kizazi na herufi ya mwisho ikiwepo, kisha iulizwe kazi. Na ikiwa fedha ya mtu inafika kwenye kizazi cha pili tu, asione haya, akichukue. Ila asilipe ziada kwa ajili ya ile saba, bali achukue i5-2400 iliyo rahisi, yenye viini vinne vile vile, na hiyo akiba ainunulie SSD. Kwa mwenye saiba atakuwa amenunua wepesi zaidi kuliko nyuzi nne za ziada.

Wengine watanitupia alama, zile nambari ambazo programu za kupimia humpa kila prosesa, wakinionyesha kwamba hii ina alama nyingi na ile chache. Alama ni bora kuliko kibandiko, sikatai. Lakini alama moja ni mchuzi wa kazi nyingi zilizochanganywa, na asiyejua kilichotiwa chunguni hawezi kujua kama utamfaa mgonjwa wake.

Kijana alilipa zile elfu chache zaidi, akabeba i3. Siku ya pili mteja mmoja alikikodolea macho kibandiko chake akasema, "Aa, kumbe mmeshuka mkaingia i3 siku hizi," na kijana, badala ya kukibandua kama wafanyavyo wengine, akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika dxdiag, akamsomea mstari wa prosesa mpaka tarakimu ya mwisho. Yeyote anayesimama mbele ya kaunta aweza kufanya hivyo kabla ya kutoa M-Pesa, tena bure. Boksi likigoma kuwashwa mbele yake, na aende duka la pili.

Ninyi nanyi wauzaji wa Luthuli na Moi Avenue, ombi langu ni dogo: pale mnapoandika "i7" kwa kalamu nene na kuiwekea mstari chini, malizieni jina lake, mwandike na mwaka wake. Kibandiko kina nafasi.